Tshibumba Kanda Matulu: mchoraji aliyetuachia ukumbusho



Mwaka jana tulimzika baba mmoja mzee wa kanisa letu. Alifanya kazi mgodini tangu ujana wake, akaona kompani ikibadilika jina, na nchi pia. Mara nyingi baada ya ibada alikuwa akiketi chini ya mwembe, akianza kusimulia habari za baba yake, namna alivyoletwa huku kwa treni kufanya kazi ya shaba. Nilimwahidi kwamba siku moja nitakuja na simu yangu nirekodi maneno yake yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Niliahidi mara tatu. Kila mara kulikuwa na mkutano, au mgonjwa, au safari ya Likasi. Siku ya mazishi nilisimama mbele ya jeneza lake na kusoma miaka yake: alizaliwa, alibatizwa, alioa, alifariki. Mistari minne. Wajukuu wake walikuwa wakinitazama, nami nilijua nimewanyima kitu.

Tangu siku ile nimekuwa nikimfikiri mtu mwingine wa mkoa wetu, ambaye hakuahirisha kazi hii. Jina lake ni Tshibumba Kanda Matulu. Vijana wengi wa makanisa yetu hawamjui, ingawa wasomi wa Ulaya na Marekani wanamsoma katika vyuo vikuu. Leo napenda kusimulia maisha yake, kwa sababu naamini anatuuliza swali sisi tunaojiita watu wa Neno.

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 katika mji uliokuwa ukiitwa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Jamaa yake ilikuwa na asili ya Kasai, kama jamaa nyingi zilizokuja Katanga kwa ajili ya reli na migodi. Alikuwa mtoto wa mji wa shaba: king'ora cha kazi asubuhi, moshi wa kiwanda, kambi za wafanyakazi, na lugha nyingi zilizokutana katika Kiswahili hiki chetu. Alipokuwa na miaka 13 nchi ilipata uhuru, na siku 11 baadaye Katanga ikajitenga. Alipofika miaka 15 kujitenga huko kukaisha kwa vita. Alipokuwa kijana wa miaka 19, mji wake ukaitwa Lubumbashi. Mwaka 1971 Kongo ikawa Zaïre na Katanga ikawa Shaba. Mwaka uliofuata watu wakaambiwa waache majina yao ya ubatizo. Mtu aliyekulia katika mabadiliko kama hayo angeweza kuamua kwamba mambo ya zamani hayana faida, kwa kuwa kila utawala unafuta ubao na kuandika upya. Tshibumba aliamua kinyume chake.

Hakusoma katika shule ya sanaa. Shule za namna hiyo zilikuwepo mjini kwake. Mwaka 1946, mwaka mmoja kabla ya kuzaliwa kwake, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji huko Élisabethville, iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Hapo walitoka wachoraji wakubwa kama Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Walichora ndege, samaki, nyoka na majani kwa uzuri wa ajabu, na picha zao zilinunuliwa zaidi na wageni.

Njia ya Tshibumba ilikuwa nyingine. Alikuwa mmoja wa wale wachoraji wa mitaani waliojifunza kwa kutazama na kujaribu, wakachora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga iliyooshwa na kunyoshwa kwenye fremu ya mbao. Katika miaka ya 1960 na 1970 kazi yao ilipendwa sana katika miji ya Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kipushi. Mfanyakazi wa mgodi, karani, mwalimu au fundi alinunua picha kwa bei aliyoiweza, akaitundika saloni, juu ya viti, ili wageni wanaoingia waione. Waliosali katika nyumba hizo wakati wa mikutano ya maombi ya jioni wanazikumbuka: mamba muntu aliye nusu mwanamke na nusu samaki, simba msituni, kijiji kando ya mto, misafara ya watumwa, na ile iliyoitwa Colonie belge.

Watu waliokuwa na picha hizo walipoulizwa zinawasaidia nini, walikuwa na neno moja: ukumbusho. Thamani ya picha kwao haikuwa uzuri wa rangi zake peke yake. Picha nzuri ilikuwa ile inayokufanya ukumbuke, na ukishakumbuka uanze kusimulia. Walizigawanya pia kwa nyakati: mambo ya bankambo, yaani wazee wa kale, mambo ya wakati wa ukoloni, na mambo ya siku zetu. Mtu aliyenunua Colonie belge alipata picha ya ua wa gereza au wa ofisi ya serikali, bendera ya Ubelgiji juu ya mlingoti, ofisa mzungu amesimama, askari mweusi ameinua chikoti, na mfungwa amelala kifudifudi akipigwa, huku wanawake wakileta chakula. Baba akiketi na watoto wake chini ya picha hiyo hakuhitaji kitabu. Mtoto aliuliza yule anayepigwa ni nani, na baba akaanza kueleza.

Hapo namkumbuka Yoshua. Baada ya Israeli kuvuka Yordani kwa miguu mikavu, Mungu aliamuru watu 12 wachukue mawe 12 kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha Gilgali. Sababu inatolewa waziwazi katika sura ya 4: siku moja watoto watauliza mawe haya maana yake nini, na wazazi lazima wawe na jibu. Mawe hayakusema lolote yenyewe. Kazi yao ilikuwa kuamsha swali la mtoto. Picha za saloni zetu zilifanya kazi ya mawe yale.

Tshibumba alichora picha hizo za kila siku ili kulisha jamaa yake, kama wenzake wote. Katika miaka ya 1970 alikaa Kipushi, mji wa mgodi ulio mpakani mwa Zambia, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, na alikuwa akitembea na picha zake akitafuta wanunuzi. Lakini moyoni alikuwa na mpango mkubwa zaidi. Alijiona kuwa mwanahistoria. Alitaka kuchora historia ya nchi yake yote, kuanzia wazee wa kale hadi siku zake, tukio baada ya tukio, kama mtu anayeandika kitabu chenye sura nyingi. Nani angenunua kitabu cha namna hiyo? Mfanyakazi wa mgodi alikuwa na nafasi ya picha mbili au tatu ukutani. Hakuna saloni ya Kipushi ingeweza kubeba mia moja.

Mwishoni mwa mwaka 1973 alifika na picha zake nyumbani kwa mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Lubumbashi, Johannes Fabian, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyezaliwa Ujerumani. Fabian alisikia Kiswahili cha Katanga na alikuwa na hamu ya kujua watu wa kawaida wanafikiri nini. Tshibumba alimweleza mpango wake, na mwalimu alikubali kununua kazi yote. Kuanzia hapo hadi mwaka 1974 Tshibumba alileta picha kwa mafungu, akazipanga kwa utaratibu, na kwa kila moja akasimulia habari yake kwa Kiswahili mbele ya mashine ya kurekodi sauti. Mwishowe zilifika zaidi ya picha 100. Kwa hiyo tunayo mambo mawili kutoka mkononi mwake: picha zenyewe, zenye maneno machache ya Kifaransa yaliyoandikwa juu yake, na masimulizi marefu kwa lugha ya kwetu.

Ndugu zangu wachungaji watanisamehe nikisema kwamba jambo hili linanikumbusha mwanzo wa Injili ya Luka. Luka hakuwa mmoja wa wale 12. Aliuliza walioona kwa macho, akachunguza mambo yote tangu mwanzo, akayapanga kwa taratibu, kwa ajili ya mtu mmoja aitwaye Theofilo. Bila Theofilo kutaka kujua, pengine tusingekuwa na mfano wa mwana mpotevu. Sisemi kwamba picha za Tshibumba ni Maandiko, hasha. Nasema kwamba Mungu mwenyewe hakudharau kazi ya kuuliza, kupanga na kuandika, na kwamba mara nyingi kazi hiyo huanza pale ambapo mmoja anakubali kusikiliza.

Tutembee kidogo pamoja naye ndani ya picha hizo.

Anaanza mbali, na falme za wazee, na Wareno waliofika kwa meli kwenye mlango wa mto Kongo. Analeta Livingstone. Analeta biashara ya watumwa. Analeta Msiri wa Bunkeya, mfalme wa Garenganze, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891 wakati wajumbe wa Mfalme Léopold II walipokuja kutaka nchi yake. Hapa sisi Waprotestanti tunahusika. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alikuwa amefika Bunkeya tangu mwaka 1886, miaka mitano na zaidi kabla ya bunduki zile. Injili ilifika katika nchi yetu ilipokuwa bado na mfalme wake, na wamisionari walikuwepo wakati nchi ilipochukuliwa. Ni habari ambayo tungepaswa kuisimulia yote miwili pamoja, shukrani na maumivu.

Kisha anachora ukoloni: reli, kodi, chikoti, kompani. Anachora mauaji ya wafanyakazi wa Union Minière. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita kuu, wafanyakazi weusi wa migodi waligoma wakidai mshahara wa kutosha. Mgomo uligusa Likasi, iliyoitwa Jadotville, na ukafika Élisabethville. Tarehe 9 Desemba wagomaji walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakapiga risasi. Makumi ya watu walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Tshibumba hakuwa amezaliwa bado. Alipata habari hiyo kwa wazee, kama yeye alivyopata habari nyingine nyingi, kwa kuwa haikufundishwa shuleni. Wengi wa waliouawa walikuwa wabatizwa, wa Kanisa Katoliki na wa makanisa yetu. Sijawahi kusikia wakitajwa katika ibada yoyote.

Anamchora pia Simon Kimbangu. Huyu alikuwa Mprotestanti, mwalimu wa kanisa la Kibaptisti katika Kongo ya Chini. Alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa huko Nkamba mwezi wa Aprili 1921, na miezi michache baadaye, Oktoba, mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo. Mfalme wa Ubelgiji alibadilisha hukumu iwe kifungo cha maisha. Kimbangu aliletwa huku kwetu, katika gereza la Élisabethville, akakaa miaka 30 mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Wakati huo Tshibumba alikuwa mtoto wa miaka minne katika mji uleule. Nafikiri juu ya waumini wa Élisabethville wa miaka ile, waliokuwa wakiimba tenzi Jumapili kilomita chache kutoka katika gereza hilo. Ni wangapi walijua kwamba ndugu yao katika imani yuko ndani? Ni wangapi walithubutu kuuliza?

Halafu anafika kwa Patrice Lumumba, na hapo anatulia. Katika kazi yake yote hakuna mtu aliyechorwa zaidi yake. Lumumba akifungwa na Wabelgiji. Lumumba akisema mbele ya Mfalme Baudouin siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Lumumba amekamatwa tena. Lumumba akishushwa katika ndege Élisabethville. Na mwisho, Lumumba amelala chini amekufa pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961 porini, si mbali na mji. Nyuma ya maiti, juu ya kilima, Tshibumba amechora misalaba mitatu.

Ninapoonyesha picha hii kwa wanafunzi wa katekisimu, wengine wanakasirika, na nafahamu kwa nini. Msalaba wa Kristo ni mmoja, na dhabihu yake ilitolewa mara moja tu. Lumumba alikuwa mwanadamu, mwanasiasa, mwenye makosa yake. Hakuchukua dhambi za mtu yeyote. Mchoraji, katika kusimulia, alimlinganisha na Bwana Yesu kwa namna ambayo mimi kama mchungaji siwezi kuifuata hadi mwisho. Na hapa Katanga jambo lina ugumu zaidi, kwa maana Moïse Tshombe, aliyeongoza kujitenga, alikuwa mwana wa kanisa la Kimethodisti. Babu zetu wengi walimpigia makofi. Kuna nyumba ambazo mpaka leo jina la Lumumba likitajwa, mazungumzo yanakatika.

Lakini nimeitazama picha ile mara nyingi, nami naona kitu ambacho nisingependa kanisa likipoteze. Mchoraji hakuichora misalaba juu ya vifua vya wafu. Aliiweka nyuma, mbali, kama vile Golgotha iko kwenye upeo wa macho kila mahali ambapo mtu amefungwa mikono na kuuawa gizani. Walikuwa watatu, na pale Yerusalemu walikuwa watatu. Tshibumba alikuwa ameishi Kiswahili cha wakatekista na hadithi za Pasaka tangu utoto, na alipotafuta mahali pa kuweka kifo kile kisichokuwa na kaburi, hakupata mahali pengine ila chini ya msalaba. Sisi tuliosoma teolojia tulikuwa na maneno mengi kuliko yeye. Tuliyatumia wapi siku zile? Damu ya Habili ililia kutoka ardhini, na Mungu aliisikia kabla ya mtu yeyote kuandika ripoti.

Kuchora mambo hayo chini ya Mobutu hakukuwa mchezo. Ni kweli kwamba mwaka 1966 Mobutu alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa, na hivyo picha yake iliweza kuonekana. Lakini aliyesimulia yote, pamoja na nani alimkamata na nani alimpeleka Katanga, alikuwa anatembea karibu na moto. Tshibumba alichora pia wale wanne walionyongwa Kinshasa wakati wa Pentekoste, tarehe 2 Juni 1966, mbele ya umati mkubwa, na kati yao Évariste Kimba wa kwetu Katanga. Alijua kupima maneno. Mambo mengine aliyasema waziwazi, mengine aliyaacha ndani ya rangi ili mwenye macho aone. Hata hivyo hakuiacha kazi, na hakukubali kuchora sifa tu. Mwisho wa mfululizo wake aligeuka hata kwa mambo yajayo, kana kwamba mwanahistoria analazimika pia kuuliza tunakwenda wapi.

Baada ya mwaka 1974 Fabian aliondoka Lubumbashi. Tshibumba aliendelea kuchora na kuuza, na watafiti wengine waliokuwa mjini, kama Bogumil Jewsiewicki, walinunua kazi zake na kuzihifadhi. Kisha zikaja vita vya Shaba vya 1977 na 1978, na maisha ya miji ya shaba yakawa magumu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba alitoweka. Waliomtafuta baadaye hawakumpata. Alikuwa na miaka 34 hivi alipoonekana mara ya mwisho. Mtu aliyewapa wafu wa nchi hii mahali pa kukumbukwa, yeye mwenyewe hana kaburi linalojulikana.

Kazi yake haikutoweka. Mwaka 1996 Fabian alitoa kitabu kikubwa chenye picha zote za mfululizo ule pamoja na masimulizi ya Tshibumba, na maneno yake ya Kiswahili yamewekwa mahali ambapo kila mwenye intaneti anaweza kuyasoma. Picha zenyewe ziko katika makumbusho huko Amsterdam. Mwaka 1999 picha za Lumumba zilizochorwa na yeye na wenzake zilionyeshwa New York. Ni jambo la kufurahisha, na pia linauma kidogo. Mtoto wa Kipushi anayetaka kuona historia ya bibi yake lazima aombe viza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lazima niliseme, ingawa si rahisi kwa mtu wa Kambove kulisema.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka 1992. Miezi ile ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, na mwaka uliofuata Kolwezi. Watu waliozaliwa hapa, ambao baba zao walijenga reli na kuchimba shaba, waliambiwa warudi kwao. Walilala kwenye kituo cha treni na katika madarasa wiki baada ya wiki, wakingojea mabehewa, na wengi walikufa pale kituoni au njiani, watoto hasa. Nakumbuka dawati moja tupu katika darasa letu. Mwalimu hakusema lolote, nasi hatukuuliza. Nakumbuka pia kwamba Jumapili ile tuliimba kama kawaida. Wako wakristo waliowaficha jirani zao na kuwapelekea ugali gizani, Mungu awabariki. Wako pia waliohamia katika nyumba zilizobaki wazi.

Kama Tshibumba angekuwa hai mwaka ule, angekuwa na miaka 45, na jina lake peke yake lingetosha kumpeleka kituoni. Mtu aliyekusanya habari za Msiri, za wagomaji wa 1941, za Kimbangu na za Lumumba, akatuchorea sisi wote nchi moja, angeambiwa kwamba hapa si kwake. Hakuna aliyechora picha ya kituo kile na kuitundika katika saloni zetu. Mimi sijawahi kuihubiri. Watoto wangu hawajui kwa nini mtaa fulani una nyumba ambazo wenye nyumba wa kwanza hawatajwi.

Mwezi wa Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino la Lumumba, kitu pekee kilichobaki katika mwili wake baada ya wauaji kuuyeyusha kwa asidi. Lilitembezwa nchini, likafika hadi Shilatembo, mahali alipouawa, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Nchi nzima ilisimama kwa ajili ya jino moja, kwa sababu mwanadamu hawezi kuishi na mfu asiyezikwa. Kila jamaa inalijua hilo. Na kanisa lingepaswa kulijua kuliko wote, kwa kuwa imani yetu inasimama juu ya ukumbusho: tunaumega mkate na kunywa kikombe kwa kumkumbuka aliyekufa kwa kuonewa na kufufuka. Ukumbusho ni neno la meza ya Bwana kabla ya kuwa neno la wachoraji wa Katanga. Anayekula kwenye meza hiyo hawezi kusema kwamba mambo ya zamani yamepita, tuyaache, hasa ikiwa yanayotakiwa kuachwa ni maumivu ya jirani yake.

Ndugu wa makanisa ya mashariki, ninyi wa Kivu na Ituri na Tanganyika, mnazika watu kila wiki. Najua kwamba kwenu si historia, ni habari za jana. Sitawafundisha namna ya kukumbuka. Nawaomba tu msiruhusu majina yapotee. Katika kila kanisa kuna kitabu cha ubatizo na kitabu cha ndoa. Kwa nini kusiwe na daftari la ukumbusho, ambamo katibu wa kanisa anaandika kwa Kiswahili cha kawaida yale ambayo mama na baba wazee wanasimulia: walitoka wapi, nani aliwahubiri, nani aliuawa, nani aliwaficha, ni neno gani la Mungu lililowashika? Katika kila kanisa pia kuna kijana mmoja anayechora vizuri, naye tunampa kazi ya kuandika bango la kampeni tu. Mpeni kitambaa na rangi. Mwambieni akae na mzee mmoja, asikilize kwanza, ndipo achore. Na wachungaji wenzangu, tusiogope kama picha itakayotoka itakuwa na jambo la aibu juu yetu. Biblia yenyewe haikuficha dhambi ya Daudi, mfalme mpendwa kuliko wote.

Sisi hapa Kambove tumeanza. Jumamosi mbili kwa mwezi vijana wanakwenda kwa mzee mmoja na daftari. Mjane wa yule baba niliyemzika ndiye aliyekuwa wa kwanza. Nilikwenda mimi mwenyewe, nikamwomba msamaha kwa ahadi niliyoivunja. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akanionyesha ukutani mahali palipokuwa na msumari bila picha, akaanza kusimulia kilichokuwa kimetundikwa pale. Tulikaa hadi giza likaingia, na hatujafika nusu.